Upinde wa mti haufiki kilo unazotaka: dalili na vyanzo vyake

Kilo za upinde ni nguvu inayohitajika kuuvuta, si uzito wake. Wanaochonga upinde kwa mara ya kwanza hulalamikia moja kati ya mawili. Ama umekuwa mgumu hata kufunga ugwe, yaani kamba yake, ni vita, ama umelainika kiasi kwamba mtoto wa shule ya msingi anauvuta mpaka sikioni. Lalamiko la pili ndilo linalosikika zaidi, na mara nyingi mchongaji hakuondoa mti kwa kutaka upinde mwepesi. Alikuwa akihangaika kurekebisha mkunjo, yaani jinsi upinde unavyopinda ukivutwa, ulioharibika mapema, akakwangua kidogo hapa, kidogo pale, na kila alipokwangua kilo nazo zikaondoka. Kwa hiyo ukiniuliza habari za kilo, sehemu kubwa ya jibu langu itakuwa habari za mkunjo.

Tuchukue upinde mmoja wa mfano ili namba ziwe na maana. Mti ni mkole mnyoofu, uliokatwa ukiwa mnene kuliko kifundo cha mkono kidogo. Urefu ni sentimita 180 ncha hadi ncha. Katikati kuna mpini wa sentimita 20 usiokunja, na kila upande umebaki mkono wa sentimita 80. Upana ni sentimita 4 karibu na mpini, ukipungua taratibu kuelekea nchani. Upande unaotazama shabaha nauita mgongo, unaokutazama wewe ni tumbo. Lengo ni kilo 20, yaani paundi 44, ugwe ukivutwa sentimita 71, ambazo ni inchi 28.

Kilo 20 zinatosha kwa kulenga shabaha. Najua wapo wanaotaka kuanza na 45 kwa sababu wamesikia habari za Wawata wa Tsavo, waliowinda tembo kwa pinde za zaidi ya paundi 100, au za pinde zilizotolewa kwenye meli ya Kiingereza ya Mary Rose, iliyozama 1545 ikainuliwa 1982, ambazo makadirio yake hupita hapo kwa mbali. Watu hao walivuta upinde tangu utotoni. Bega la mtu wa ofisini litachanika kabla ya mti.

Sasa sheria moja kabla ya dalili yoyote: tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, usiuvute upinde kupita kilo 20. Kama mizani inasoma 20 na ugwe umefika sentimita 35 tu, ishia hapo, legeza, kakwangue. Na kama kasoro ya mkunjo imejionyesha kwenye kilo 12, ishia kwenye 12. Mti unaovutwa kwa nguvu kubwa kuliko ile utakayofanyia kazi hupondeka upande wa tumbo, na ukishapondeka haurudi.

Mizani inasoma namba isiyoeleweka

Anza hapa, kwa sababu upinde mwingi umeharibiwa na mizani. Ile ya kuning'iniza yenye ndoana, wanayotumia wauza samaki na wanunuzi wa vyuma chakavu, inafaa kabisa, ila ihakiki kwanza. Pima lita 20 za maji kwa chupa, mimina kwenye dumu, ning'iniza. Inatakiwa kusoma kilo 20 na juu yake uzito wa dumu tupu. Ikisoma 18, umeshajua.

Kisha angalia unapimia wapi. Sentimita 71 zihesabiwe kutoka kwenye ugwe uliovutwa hadi mgongo wa upinde pale kwenye mpini. Wapo wanaohesabu kutoka tumboni, na mpini wenye kina cha sentimita 4 unawapa sentimita 4 za ziada bila wao kujua. Upinde kama huu, ukishatiwa ugwe na kuachiwa nafasi ya sentimita 15 hivi kati ya ugwe na mpini, hupanda kwa gramu 350 hadi 500 kwa kila sentimita ya mvuto. Kosea sentimita 4, umekosea karibu kilo 2.

La tatu ni ugwe wenyewe. Manila hunyumbuka: unavuta, kamba inarefuka, mikono ya upinde haijakunja inavyopaswa, na mizani inakuambia upinde ni laini. Tumia uzi wa polista uliosokotwa nyuzi kadhaa na kupakwa nta.

Mkunjo ni mzuri lakini kilo zimezidi

Hii ndiyo hali ya kuombea. Upinde umening'inizwa kwenye mti wa kupimia, yaani nguzo yenye kishikio juu na kapi chini ili uvute kamba ukiwa umesimama mbali, na mikono yote miwili inakunja kwa upole bila sehemu inayojitokeza. Umefika sentimita 40 na mizani inasoma 16. Zimebaki sentimita 31. Zidisha kwa gramu 400: kilo 12 nyingine zinakuja, kwa hiyo ukiuacha hivyo utafika 28. Una kilo 8 za kupunguza.

Hapa ndipo watu hupotea kwa kutojua jinsi unene unavyofanya kazi. Ugumu wa ubao unapokunjwa hufuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu, ilhali upana huhesabiwa mara moja tu. Chukua mkono wenye unene wa milimita 15. Ukikwangua milimita moja mwanzo hadi mwisho, umebaki na 14, na ugumu umeshuka kwa karibu asilimia 19. Upinde wa kilo 24 umekuwa wa 19.5. Milimita moja! Hiyo ni mipito michache ya randa. Lakini ukiondoa milimita 2 kila ubavu, upana ukatoka 40 ukawa 36, ugumu umeshuka asilimia 10 tu, na kilo 24 zimekuwa 21.6.

Basi mpangilio ni huu. Kilo zikiwa zimezidi kwa mbali, fanya kazi tumboni kwa randa au tupa ya mbao, mikono yote miwili kwa kipimo kilekile. Zikibaki 3 au 2, weka randa kando, chukua kipande cha kioo au bledi ya msumeno ukwangue, na ikiwezekana ukwangue ubavuni. Ya mwisho kabisa, nusu kilo hivi, mwachie msasa, maana kulainisha nako kunapunguza.

Baada ya kila duru ya kukwangua, vuta upinde mara 20 hadi 30 mpaka kwenye kilo zako kabla ya kupima upya. Mti haukiri upesi. Ukikwangua na kupima papo hapo, mizani itakuambia hakuna kilichobadilika, utakwangua tena, na kesho yake utakuta umepitiliza.

Sehemu moja inakunja kuliko nyingine

Hii mafundi huiita bawaba, na jina limekaa mahali pake. Upinde unakunja mahali pamoja na kwingine umenyooka. Kuiona kwa macho ni rahisi ikiwa imekomaa. Ikiwa changa, chukua kipande cha ubao kilichonyooka cha sentimita 15, kiegemeze tumboni upinde ukiwa na ugwe, ukisogeze polepole toka mpini hadi ncha. Mwanga unaopita kati ya ubao na tumbo unatakiwa ubaki uleule, au ubadilike taratibu. Mahali unapopanuka ghafla ndipo bawaba ilipo. Mahali ubao unapogusa kote, hapo mti haufanyi kazi.

Chukua chaki au mkaa. Pale kwenye bawaba chora alama ya msalaba, na usipaguse tena mpaka upinde uishe. Dawa ni kuondoa mti kwenye sehemu ngumu zilizo pande zake mbili, mpaka nazo zikunje kwa kadiri ileile. Utapoteza kilo, ndiyo. Kama bawaba umeiona kwenye sentimita 25 za mvuto, kilo unazo za kupoteza. Ukiiona kwenye 60, chaguo ni upinde mwepesi au upinde utakaovunjika.

Chanzo cha bawaba karibu kila mara ni kimoja kati ya hivi: tezo au panga lililozama zaidi mahali fulani, kuchonga kwa kufuata jicho badala ya kupima unene kwa venia kila sentimita 10, au kifundo cha tawi. Kifundo kina tabia yake. Kikiwa kizima, ni kigumu kuliko mti unaokizunguka, na kinastahili kuachiwa unene na upana kidogo. Kikiwa kimekufa, cheusi, kinachomong'onyoka, pande zake ni dhaifu. Kwa vyovyote eneo hilo likunje kidogo kuliko jirani zake.

Mkono mmoja umegoma

Upinde ukivutwa, mkono wa juu unashuka na wa chini umesimama pale pale, na kamba ya kuvutia badala ya kushuka wima inahamia upande wa mkono mgumu. Kabla ya kukwangua chochote, geuza upinde kwenye nguzo, wa juu uje upande wa pili, uvute tena. Kama ugumu umebaki upande uleule wa ukuta, tatizo ni nguzo yako au mahali unaposhikisha kamba. Kama umehama pamoja na mkono, tatizo ni mti.

Kwangua mkono mgumu peke yake, tumboni, urefu wote. Usitafute usawa kamili. Mkono wa chini ubaki mgumu kidogo kuliko wa juu, kwa sababu kiganja hukaa chini ya katikati na mshale hupita juu yake.

Umefungua ugwe, upinde haujarudi

Ulikuwa mnyoofu, sasa ukiulaza sakafuni ncha zimeinuka. Sentimita 2 au 3 ni kawaida, hakuna upinde wa mti mtupu usiochoka kidogo. Ukifika 5 au zaidi, kilo zimeondoka na kasi imeondoka nazo.

Usiangalie kiasi tu, angalia mahali. Pinda iliyojikusanya karibu na mpini inasema sehemu hiyo ilibeba kazi yote huku ncha zikiwa ngumu mno. Iliyo katikati ya mkono mmoja ni bawaba ambayo hukuiona. Iliyoenea sawasawa toka mpini hadi karibu na ncha, mikono yote miwili, inasema mkunjo wako ulikuwa mzuri lakini ama mti haujakauka, ama upinde ni mfupi au mwembamba kwa upana kwa kilo ulizodai.

Kukauka ndiko kunakowashinda wengi, kwa haraka zao. Mti ukitoka kukatwa, paka ncha rangi au gundi ya mbao siku hiyohiyo usije ukapasuka, menya gome, uchonge umbo la awali ukiwa bado mnene, kisha uufunge kwenye ubao ulionyooka usijipinde. Baada ya hapo upime kwa mizani ya jikoni kila siku mbili tatu, ukiandika gramu kwa penseli pale kwenye mpini. Zitashuka kwa kasi, halafu polepole, halafu zitasimama. Zikisimama, mti umekauka kwa kadiri hewa ya hapo ulipo inavyoruhusu, na hapo pana jambo. Mwambao, Tanga au Mombasa, mti ulioachwa wazi hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 hivi. Dodoma wakati wa kiangazi hushuka mpaka karibu na 10, na upinde unapenda 8 hadi 10. Aliye pwani auweke uchagani juu ya jiko wiki kadhaa, mbali na moto wenyewe.

Jana kilo 20, leo 17

Kama mvua imenyesha siku tatu mfululizo, chanzo umekijua. Mti umenywa unyevu, umelainika. Usiutumie ukiwa hivyo, maana utachoka moja kwa moja kwa kosa ambalo lingepita lenyewe. Urudishe uchagani. Ukishapona, upake mafuta ya kitani au vanishi tabaka mbili tatu, ncha zikiwemo. Vanishi haizuii unyevu, inauchelewesha.

Kama hali ya hewa ni ileile, fungua ugwe uangalie pinda, kisha kagua tumbo.

Mistari myembamba imekata tumbo

Peleka upinde juani, pitisha ukucha tumboni kwa urefu. Ukikwama kwenye mistari midogo inayokata nyuzi za mti kwa upana, kama makunyanzi ya ngozi, mti umepondeka hapo. Utayakuta kwenye bawaba au kandokando ya kifundo. Usiyakwangue ukidhani unayafuta, utafanya sehemu dhaifu iwe dhaifu zaidi. Makunyanzi machache kwenye upinde wa kilo 20 unaweza kuishi nayo ukipunguza mti pande zake na kukubali 17. Yakiwa mengi na yakiongezeka kila unapovuta, upinde huo ni wa kutundika ukutani.

Kilo zimekwisha kupungua, zitarudi?

Zipo njia tatu, na hakuna ya bure.

Ya kwanza ni kufupisha. Kata sentimita 2.5 kila ncha: mikono ya 80 imekuwa 77.5, na ugumu umepanda kama sehemu moja ya kumi. Upinde wa kilo 17 umekaribia 18.7. Kata 5 kila ncha badala ya 2.5 na kwa hesabu ya karatasi umefika 20.6. Ila kila sentimita uliyokata inauongezea mti uliobaki mzigo. Kipimo changu ni kwamba urefu usishuke chini ya mara mbili ya mvuto pamoja na mpini: 71 mara mbili ni 142, ongeza 20, ni 162. Ukikata 5 kila upande umebaki na 170. Hapo simama. Na upinde uliokwisha kuchoka au wenye makunyanzi usiufupishe kabisa.

Ya pili ni joto. Washa mkaa kwenye jiko refu au mtaro mdogo, ngoja moshi uishe, laza upinde tumbo likitazama makaa kwa umbali wa sentimita 10 hadi 15, huku umeufunga kwenye ubao ulionyooka. Tumbo likichukua rangi ya kahawa iliyokaangwa, sogeza mbele. Mgongo usipate joto. Ukiweza kuuwekea kiganja na kukivumilia, uko sawa. Tumbo lililokaangwa hukaza na kilo hupanda. Baada yake mti umekuwa mkavu kupita kiasi, kwa hiyo uache siku kadhaa urudishe unyevu wake. Ukiuvuta jioni hiyohiyo utasikia mlio usioupenda. Mti mbichi usiupeleke kwenye makaa.

Ya tatu ni kano. Kano za mgongo au miguu ya ng'ombe, zilizokaushwa, zikapondwa zikawa nyuzi, zikalazwa mgongoni kwa gundi ya ngozi tabaka juu ya tabaka. Zinaongeza kilo na kuulinda mgongo. Kazi yake ni ya majuma, na mwambao gundi hiyo hulainika kwa unyevu, kwa hiyo kwa mtu wa pwani siishauri.

Ipo na ya nne ambayo watu hawaipendi: upinde wa kilo 17 wenye mkunjo safi hupeleka mshale vizuri kuliko wa 20 uliochoka.

Mgongo unalia au umenyanyua kibanzi

Acha kuvuta. Mlio wa tik ukiwa umevuta nusu maana yake uzi fulani wa mgongo umekatika. Maelezo mengi ya upinde mrefu yametoka Uingereza na Marekani, kwa watu wanaochonga miti ya nchi za baridi, na husisitiza kufuata pete moja ya mwaka, yaani tabaka la ukuaji wa mti, mgongoni toka ncha hadi ncha. Miti yetu mingi haina pete zinazosomeka vizuri. Kwa mkole njia salama ni kumenya gome na kuuacha ule uso uliokuwa chini yake ubaki mgongo, bila kuugusa kwa chuma. Ukikuta kibanzi, basi ama chuma kiligusa, ama kona za mgongo na ubavu ziliachwa kali. Kona zote za mgongo ziviringishe kwa msasa kabla ya mvuto wa kwanza.

Kibanzi kifupi na chembamba kinaweza kupakwa gundi na kufungwa kwa uzi mgongoni na tumboni kwa kuzungusha, mzunguko baada ya mzunguko. Kilichozidi sentimita 3, au kilichovuka upana wa upinde, kisikufanye uujaribu tena karibu na uso wako.

Kilo 20 zipo, mshale hauendi

Pima kila sentimita 5 na uandike. Kama sentimita tano za mwisho zinapanda kilo moja kila moja, ugwe na ncha vimefanya pembe pana mno: upinde ni mfupi, au unakunja karibu na mpini tu na ncha hazisaidii. Hapo kwangua theluthi ya nje ya mikono, taratibu, kazi igawanyike.

Kama kilo zinapanda vizuri na mshale bado unasuasua, tazama ncha. Sentimita 15 za mwisho za kila mkono ndizo zinazosafiri mbali na kwa kasi, na gramu zilizobaki huko zinakula nguvu ambayo ingeenda kwa mshale. Zipunguze upana mpaka sentimita moja na kidogo. Kilo zitashuka kidogo sana, kwa kuwa ncha hazikunji kiasi cha maana. Ugwe nao usiwe mnene kuliko haja.

Halafu pima mshale. Upinde wa kilo 20 unataka mshale wa gramu 28 hadi 30. Ukipanda 50, utaanguka karibu hata upinde uwe mzuri namna gani. Ukiwa chini ya 20 utaruka kwa kasi siku za mwanzo, huku nguvu iliyobaki ikitikisa mikono ya upinde karibu sawa na kuachia ugwe mtupu.